Ketuba Iliyozikwa

Hara Ndogo, Jumapili, 19 Adari

Kwa mke wangu Rebiha,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nimefika salama kwa kaka yako Khalafo. Kitanda alichonipa ni kifupi, miguu inaning'inia nje, lakini sitalalamika. Nimeshalalamika kwake, akaniambia kitanda hakina kosa, miguu ndiyo mirefu.

Najua bado una hasira. Ijumaa niliondoka mbio mbio kabla Sabato haijaingia, hatukuzungumza, na wewe ulikuwa umenipa mgongo. Kwa hiyo acha niyapange mambo hapa kwa utulivu, kama mtu mzima.

Siku iliyofuata sikukuu ya Purimu tulizika maandiko yaliyochoka kando ya kaburi la Rabi Bugid, Mungu amrehemu. Unajua mwenyewe kwamba karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi jalalani wala haitiwi motoni, inazikwa kama binadamu. Na unajua kwamba mimi ndiye mwandishi wa Torati wa mji, kwa hiyo magunia nayajaza mimi. Nikakusanya vitabu vya sinagogi, vya majirani, na vya nyumbani kwangu. Rafuni nikakiona kile kitabu cha Zaburi kilicholiwa na nondo mpaka kikabaki kama kimia. Nikakitia guniani. Sasa nani angejua kwamba mke wangu, badala ya kuweka ketuba yake sandukuni kama wanawake wenzake, ameificha ndani ya Zaburi?

Basi hati yetu ya ndoa imelala udongoni na Rabi Bugid. Rabi Makhluf amekataa katakata kaburi la mwanachuoni lifukuliwe kwa sababu ya karatasi inayoweza kuandikwa upya. Na sheria ni sheria: mume na mke hawakai chini ya dari moja bila ketuba, hata kama wameoana miaka thelathini na minane na wana wajukuu Tunisi.

Lakini usijali hata kidogo. Ketuba za watu nimeandika mamia, na yetu naijua kwa kichwa. Kesho nakaa kitako, saa moja imekwisha, mashahidi wawili wanatia sahihi, narudi nyumbani bwana harusi.

Nitumie kalamu zangu za mwanzi na ndara zangu. Amori muuza vyungu atapita na punda wake, mpe yeye.

Mumeo,
Shushan

Nimesahau: ufunguo wa nyumba nimeukuta mfukoni mwangu.


Hara Kubwa, Jumatatu, 20 Adari

Kwa Bwana Shushan mwandishi,

Barua hii inaandikwa na mimi Kamsana, mjane, jirani yenu wa ukuta mmoja. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu asiye na mtoto wa kiume, akaona heri anifundishe mimi kuliko kukaa bure. Maneno ni ya Rebiha. Yaliyo kwenye mabano ni yangu.

Mume wangu, salamu. Mimi sijambo. (Hajambo nusu.) Eti ufunguo umeukuta mfukoni! Ufunguo wa chuma, mrefu kuliko kiganja changu, unaotoboa kila mfuko ninaokushonea, leo unaukuta? Mlango naufunga kwa kinu. Usiku nakisukuma kinu mlangoni, asubuhi nakiondoa ndipo nitoke kwenda kisimani. Mgongo wangu unakusalimu.

Kuhusu Zaburi, nakuuliza swali moja tu. Nani anazika kitabu bila kukifungua? Hata kuku tunamchungulia tumboni kabla hajaingia chunguni, kama hana kasoro ya kumharamisha. Niliiweka humo kwa sababu mama aliniambia niiweke mahali patakatifu, na mimi nikajua kitabu cha Zaburi kwenye nyumba ya mwandishi hakiguswi na mtu. Tena unaniambia sandukuni! Unajua vizuri kwamba sanduku langu bado limefungwa kamba aliyoifunga mama.

Wanawake kwenye tanuri la mikate wameanza kuniita bi harusi. Mmoja ameniuliza kama nitafutiwe hina au ninayo ya kutosha. (Alicheka aliponisimulia. Sasa anajifuta macho, na amesema niandike kwamba ni moshi.)

Sasa nisikilize. Jana Kamsana aliniuliza, hiyo ketuba yako ilisema nini? Miaka yote hii nimeilinda karatasi ile na mvua, na panya, na mikono ya watoto, na sijui ilisema nini! Siku ya harusi ilisomwa kwa Kiaramu, tena haraka haraka kwa sababu kuskusi ilikuwa inapoa, na mimi viatu vilikuwa vinanibana. Niambie ilisema nini. Niambie yote.

Kalamu hizo nimekutumia. Ndara zifuate mwenyewe.

Rebiha,
kwa mkono wa Kamsana


Hara Ndogo, Jumanne, 21 Adari

Mke wangu Rebiha, na Bibi Kamsana na mabano yake,

Ketuba yako ilisema ya kawaida. Kwamba nitafanya kazi, nitakulisha, nitakuvika na kukuheshimu kama wanaume wa Kiyahudi wanavyofanya. Nimefanya au sikufanya? Basi. Hakuna kubwa humo la kukukosesha usingizi.

Kumetokea kikwazo kidogo. Jana nilimpelekea salamu Rabi Makhluf kwamba naandika, akanijibu kwa swali, kama kawaida yake. “Shushan, Torati nzima unaijua kwa kichwa. Umewahi kuandika hata mstari mmoja wa gombo bila kutazama nakala?” Kweli sijawahi, na ningefanya hivyo gombo lisingefaa. Mwandishi hata kama anaota maneno usingizini, lazima nakala iwe mbele yake na kila neno alitamke kabla halijashuka kwenye ngozi. Basi Rabi anasema ketuba yetu pia siandiki kwa kichwa changu. Nakala iko kaburini, kwa hiyo nitafute shahidi wa harusi aseme ilikuwa na masharti gani.

Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja amekwisha kutangulia. Wa pili ni Mzee Sasi, anakaa mtaa wa pili kutoka hapa, ana miaka tisini na hasikii hata baragumu la Mwaka Mpya. Sitaki kumsumbua mzee wa watu. Nitambembeleza Rabi aniruhusu niandike ya kawaida tu, yaishe.

Huku nimepewa kazi ya kukarabati gombo la sinagogi. Watu wa hapa wanaapa kwamba lilikuja na wazee kutoka Hispania. Nimelifungua lote mezani. Mwanzo ni mkono wa Hispania kweli, ngozi ya kahawia, herufi zimesimama wima. Katikati kuna ngozi tatu za mtu mwingine, wa Tripoli nadhani, aliyekuwa na haraka. Ngozi za mwisho ni za babu yangu, nazijua kwa zile herufi zake zenye shingo ndefu kama ngamia anayechungulia ukuta wa jirani. Kila kipande kilipochakaa, mtu mwingine alikiondoa, akakizika, akaandika kilekile. Watu wasiojuana, miaka mia nne, na hakuna aliyeongeza neno lake wala kupunguza la mwenzake. Nilikaa nikawatazama mpaka chai ikapoa. Kisha sikujisikia vizuri, sijui kwa nini. Labda ni samaki wa Khalafo.

Ufunguo siwezi kumpa Amori. Barabara ina mashimo na punda wake ana kiburi.

Mumeo,
Shushan


Hara Kubwa, Alhamisi, 23 Adari

Shushan,

Leo sikuiti mume wangu. (Alisema “Bwana”, akalifuta. Mimi sifuti, natoa taarifa.)

Eti Mzee Sasi hasumbuliwi! Mzee Sasi aliyecheza kwenye harusi yangu na chupa kichwani? Yule hata umwamshe kwenye Sabato mchana atafurahi apate mtu wa kumpigia kelele. Yuko mtaa wa pili kutoka kwako, na wewe unaona ni mbali! Ulikwenda kwa miguu mpaka ng'ambo ya kisiwa kutafuta ngozi ya mbuzi isiyo na kovu.

Nimejiuliza sababu, na nimeipata. Amori amenieleza kwamba amekuona kivulini unakula kuskusi iliyoletwa na mjane Toita. Anasema umenawiri. Haya bwana. Kama umenichoka, sema. Mtu ambaye hati yake imezikwa, ni mume wa nani? Ni nafasi nzuri kwako, wala huhitaji kuandika talaka. (Huyu Toita namjua tangu usichana. Kuskusi yake ina madonge.)

Na lile swali langu umelijibu kwa mistari miwili. Wewe, ambaye ukiulizwa bei ya kitunguu unaanza na Nuhu! (Hata mimi nimeliona hilo, Bwana Shushan. Ya kawaida huwa marefu zaidi.)

Sasa mambo ya nyumbani. Jumatano jioni mwezi wa Nisani unaingia, na ni usiku wa bsisa. Ngano na shayiri nimeshakaanga, nimesaga na giligilani na bizari. Tangu tuoane hatujakosa hata mwaka mmoja, wewe ukikoroga unga kwa ufunguo wa nyumba, mimi nikimimina mafuta, tukiomba Mungu atufungulie mwaka. Mwaka ule wa homa ulikoroga ukiwa umelala. Sasa nitakoroga kwa nini, kwa mwiko? Mwaka wetu ufunguliwe kwa mwiko? Kama huji, tuma ufunguo, nitamwita kaka yangu akoroge yeye.

Mengine: Kamsana ananifundisha herufi. Tunaziandika kwa kidole kwenye sinia la unga. Sura zao zote nazijua, nimekaa nazo nyumba moja miaka thelathini na minane, nilikuwa sijui majina yao tu.

Rebiha,
kwa mkono wa Kamsana


Hara Ndogo, Ijumaa, 24 Adari

Dada yangu Rebiha,

Naandika upesi, jua linakwenda na bado sijaoga kwa ajili ya Sabato.

Toita aliwaletea kuskusi mafundi wote wa paa la sinagogi. Mumeo alionja akaniambia kwa siri kwamba ina madonge. Ondoa wasiwasi huo.

Lakini kuna jambo jingine. Ilipofika barua yako jana nilimshika mkono nikampeleka kwa Mzee Sasi mwenyewe, maana niliona anazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi nilibaki nje na punda. Mzee Sasi hasikii kwa hiyo anasema kwa sauti ya kuita watu shambani, na nilisikia nusu ya mambo. Shushan alipotoka, uso ulikuwa mweupe kama ngozi zake. Tangu hapo hali. Anatembea uani na ule ufunguo mkononi, anakwenda mpaka kwenye mtini, anarudi.

Nilichosikia sikwambii. Ni chake kukwambia, na nimemwambia kwamba asipokwambia mpaka Jumapili, nakuja mwenyewe kwa miguu.

Sabato njema.

Kaka yako,
Khalafo


Hara Ndogo, Jumapili, 26 Adari

Rebiha,

Nakuomba Kamsana akusomee polepole, na asitie mabano.

Mzee Sasi anakumbuka kila kitu. Anakumbuka mpaka idadi ya kondoo wa harusi. Nilimwandikia swali kwenye karatasi, akalisoma, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: “Mstari wa tisa! Baba yake aliutia mwenyewe! Asimtoe Rebiha katika mji wake ila kwa ridhaa yake!” Kisha akanitazama akaniuliza, “Si aliridhia?”

Mwaka ule tulipohamia Hara Kubwa aliniuliza swali hilohilo mlangoni mwa sinagogi. Nilimwambia ndiyo.

Hukuridhia, Rebiha. Hukuulizwa. Baba yako alikuwa ameshafariki, Khalafo alikuwa hajafika hata miaka kumi, na mama yako hakujua kusoma. Mimi niliitaka mno ile kazi ya Hara Kubwa, kwa sababu mwandishi wao alikuwa amepofuka na walinitaka mimi. Nikakwambia tunakwenda kwa mwezi mmoja. Ukalia, ukasema hutaki kumwacha mama. Na mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye kalamu mpya, nikakwambia mke humfuata mumewe, ndivyo ilivyoandikwa kwenye ketuba yako. Ukanyamaza. Wewe ukisikia neno “imeandikwa” hunyamaza, na mimi nililijua hilo.

Haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kinyume chake, na nilikuwa nimeisoma asubuhi ileile.

Mimi ndiye mtu ambaye nikilikosea Jina nazika ngozi nzima, kazi ya wiki tatu, wala sinung'uniki. Naoga kabla ya kuliandika. Sijawahi kupunguza hata nukta ya Musa. Lakini mstari wa mke wangu niliufuta kwa mdomo, kweupe, nikaenda zangu kufunga mizigo. Na nisikufiche kitu kingine tena: siku ile nilipogundua kwamba hati imezikwa, kabla sijahuzunika, nilifurahi kidogo. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Ndiyo maana nilijibu kwa mistari miwili, na ndiyo maana nilimwogopa mzee wa miaka tisini.

Ufunguo huo hapo. Amori ameufunga kwenye kitambaa na ameapa hatauweka kwenye chungu. Nimeushikilia siku zote hizi kwa sababu niliona kwamba maadamu ninao, bado nina nyumba. Sasa nyumba ni yako. Mwite Khalafo akoroge bsisa, au yeyote umtakaye. Ketuba mpya nitaiandika na mstari wa tisa utakuwemo, uikubali au usiikubali.

Nisamehe.

Shushan


Hara Ndogo, Jumatatu, 27 Adari

Rebiha,

Amori amerudi mikono mitupu. Nimemuuliza umesema nini, akasema hukusema kitu. Nimemuuliza umefanya nini, akasema umechukua ufunguo, umeingia, umefunga mlango.

“Kwa nje au kwa ndani?”

“Kwa ndani.”

“Na Kamsana?”

“Alikuwa ndani naye. Nilisikia vyombo.”

Nakuomba unitumie hata tusi.

Shushan


Hara Kubwa, Jumanne, 28 Adari

Shushan,

(Nimekatazwa mabano na Bwana Shushan. Mimi sikuajiriwa na Bwana Shushan.)

Tusi uliloomba lipo. Siku mbili nimekutukana wewe, kalamu zako, na mbuzi wote waliotoa ngozi. Kamsana amejifunza maneno mapya. (Matatu. Moja nitalitumia.)

Mwezi mmoja! Nilikuwa nimeacha jibini linachuja kwa mama, nikamwambia usilitoe kitambaa, nakuja. Sanduku nikaliacha na kamba yake, nikasema la nini kulifungua, si tunarudi? Nimezaa watoto watatu, sanduku lina kamba. Mama amefariki, nimekwenda kumzika nimerudi, sanduku lina kamba. Wageni waliliuliza nikawaambia kamba ni madoido. Na mwaka wa kwanza kila nilipolia nilijilaumu mwenyewe, nikisema mimi mwanamke wa namna gani, ninayelilia kitu ambacho Maandiko yamekikataza. Kumbe Maandiko yalikuwa upande wangu! Yalikuwa rafuni, hatua nne kutoka mahali nilipokuwa nalilia, na sikuweza kuyasoma.

Jana ndipo nikatulia kidogo. Nikajiuliza, kama ungeniuliza siku ile, ningejibu nini? Sijui. Huenda ningekataa. Huenda ningekubali, maana mama alikuwa ananiamsha alfajiri kukamua mbuzi na mimi sipendi mbuzi. Sitajua kamwe. Mji nimeukosa nikauzoea mwingine, hilo limepita. Jibu langu ndilo ulilonichukulia, Shushan.

Ila umesema mwenyewe. Ungeweza kunyamaza, Mzee Sasi angekufa na hilo, Khalafo ungemhonga kwa vitunguu, na mimi ningepokea hati yenye mistari ya kawaida nikaibusu. Hilo nimeliweka kwenye mizani nalo. (Alilia hapa. Hakutaja moshi.)

Basi sikiliza masharti yangu, na safari hii natunga mimi, wala si baba.

Ketuba uiandike kwa mkono wako. Ile ya kwanza aliiandika yule mwandishi uliyemrithi, akiwa nusu mpofu. Mabibi harusi wote wa kisiwa hiki wana mkono wako ukutani, mimi peke yangu sina. Chini ya Kiaramu uiseme yote kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa herufi kubwa, nitakayoisoma mwenyewe. Ndiyo, mwenyewe! Mstari wa tisa uwemo. Na kabla hujakanyaga kizingiti, uniulize lile swali. Kila mwaka pia, usiku wa bsisa, kabla ufunguo haujaingia kwenye unga, uniulize tena, mpaka mmoja wetu azikwe.

Una muda mpaka kesho kabla jua halijazama. Nisani ikiingia hujafika, nakoroga na Kamsana. (Niko tayari. Ninao ufunguo wangu.)

Rebiha,
kwa mkono wa Kamsana


Kwenye shinikizo la mafuta, nje ya Hara Kubwa, Jumatano, 29 Adari

Rebiha,

Nimekuja na Amori mpaka hapa. Sivuki hatua moja zaidi mpaka unijibu. Nimekaa juu ya jiwe, na vyungu vyake vinanitazama.

Ketuba anayokuletea nimeimaliza asubuhi hii. Nilioga kwanza, kama ninavyooga kabla ya Jina. Mzee Sasi alisema masharti, mimi nikaandika, kila neno nimelitamka kwa sauti, na yeye hakusikia hata moja lakini alikuwa anatikisa kichwa mahali panapostahili. Ametia sahihi yeye na mwimbishaji wa sinagogi. Khalafo naye alitaka kutia sahihi, akaambiwa ndugu wa mke hashuhudii. Amenuna. Rabi Makhluf ameiona, akaisoma mara mbili, akasema mstari wa tisa umeandikwa vizuri kuliko yote. Pale nilikwenda polepole, herufi moja moja.

Na swali lako ni hili. Nilipaswa kuliuliza nikiwa na nywele.

Rebiha binti Yosefu, unataka tukae wapi? Ukisema Hara Ndogo, meza yangu naibeba mgongoni leo hii. Ukisema Tunisi kwa watoto, nitajifunza kupanda motokaa. Na ukisema wewe ukae huko na mimi nikae kwa Khalafo, ketuba ni yako vilevile, na kitanda chake nitakiunga ubao.

Sitasema kwamba imeandikwa hivi wala vile. Nasubiri.

Shushan


Jumatano

Shushan

Naandika mimi. Kamsana yupo hapa haandiki. Amekaa juu ya mikono yake.

Nimesoma yote. Nilianza ulipoituma, kabla ya adhuhuri, sasa ni alasiri. Mstari wa tisa nimeusoma mara tatu. Mkono wako mzuri.

Jibu langu. Tunakaa hapa. Pasaka tunakula kwa kaka, asinune.

Mwaka kesho uliza tena.

Sanduku nimelifungua. Kamba ilikuwa imeoza, imekatika yenyewe. Kuna kitambaa cha meza cha mama, panya hawakukila. Nimekitandika. Sinia la unga liko juu yake na mafuta ninayo.

Ufunguo huo hapo. Njoo nao.

Rebiha